Mbwana, habari ya nduaro wa huku

San Diego, California

Ndugu yangu Mbwana,

Salamu nyingi zikufikie hapo Tanga, wewe, shemeji na watoto. Mimi mzima, alhamdulillahi, kazi ni ileile ya kupakua samaki gatini.

Habari ya yule noa, kasa mkubwa aliyefia kwenye jarife lako, wavu wako ule, imenikaa moyoni. Ulisema ulikaa naye ufukweni mpaka jua likachwa. Ndiyo maana nakuandikia habari ya nduaro wa huku, yule samaki mwenye upanga bapa, si sulisuli wa tanga mgongoni.

Wavuvi wa hapa walizoea kumtega usiku, kwa jarife la kuelea lenye urefu wa karibu maili moja, kwa kuwa usiku nduaro yuko juu. Lakini kasa naye yuko juu, na pomboo, na wote huingia mlemle.

Kilichogeuza mambo ni kifaa nilichowahi kukishika kwa mkono wangu. Ukikiona utadhani maikrofoni ya mwimba taarabu, ila kidogo, unakifumbata, na kina kiwaya cha antena. Watafiti wa taasisi ya PIER, ya pale Oceanside, humvizia nduaro zile mara chache anapopanda mchana kuota jua juu ya maji, wakamchomeka kifaa mgongoni kwa mti mrefu kama chusa. Hawamvui kwanza, maana akipigana na mshipi huweza kufa hata akiachiwa. Anaondoka nacho, nacho kinaandika kina, joto la maji na mwanga. Siku waliyoipanga ikifika, umeme kidogo unakula kipini kinachokishikilia, kinachomoka, kinaibuka na kuanza kutuma habari kwa setilaiti.

Nilionyeshwa mchoro wa kushuka na kupanda kwa samaki mmoja. Mbwana, ungesema anafuata adhana! Alfajiri anashuka mpaka mita 250, 300, anashinda huko kwenye giza na baridi akiwinda ngisi. Magharibi anapanda, anakesha juu. Kesho vilevile. Baridi ya huko anaiweza kwa sababu ana msuli karibu na jicho unaotoa joto: ubongo na macho yake huweza kuwa na nyuzi 10 hadi 15 zaidi ya maji yanayomzunguka.

Njia aliyopita ndiyo ngumu kuijua. Kifaa hukadiria mahali kwa saa za jua kuchomoza na kuzama, na nduaro saa hizo ndiyo kwanza anashuka au anapanda. Ila pale kinapoibukia hapana shaka: wengine wamekwenda kusini, Baja California ya Mexico, wengine upande wa Hawaii.

Sasa sikia. Kama mchana nduaro yuko chini na kasa yuko juu, si umfuate mchana? Ndivyo walivyofanya. Boya, mshipi mmoja, chubwi zito, ndoana mbili tatu zenye chambo, zinashuka moja kwa moja hadi kwenye kina chake. Akimeza, boya linacheza, na mvuvi yuko karibu anavuta papo hapo. Serikali ya Marekani iliruhusu zana hiyo mwaka 2023, na sheria ya Desemba 2022 imeyapa yale majarife miaka 5 yaondoke. Nduaro wa maboya nawapakua mwenyewe: ngozi bado inang'aa, nyama imekaza, na bei yake inampita wa jarife.

Sikuambii uache jarife lako, najua nyumbani kuna midomo mingapi. Ila kama hapo kijijini Kigombe kuna mtu mwenye mshipi wa kufika huko chini, ningefurahi mjaribu siku moja, mchana.

Na niulizie wazee jambo moja. Vifaa vimeonyesha kwamba mwezi mpevu ukiwaka, nduaro hukesha chini zaidi. Je, wao humpata usiku wa giza au wa mbalamwezi? Niandikie watakavyokujibu, hata kama hawakubaliani.

Nduguyo,
Salim