Mheshimiwa Waziri wa Afya, watoto wenye sindromu ya Down wapimwe moyo kabla hawajatoka wodini

Mheshimiwa Waziri,

Mwanangu alipozaliwa, mkunga alimtazama macho, akamfungua viganja, kisha akaniuliza nina umri gani. Nikamjibu, 27. Akanyamaza. Nilirudi nyumbani na mtoto pamoja na ukimya ule. Moyo wake ulipimwa kwa mara ya kwanza akiwa na miezi minane, baada ya wiki nyingi za kunyonya kidogo, kuloa jasho na kuchoka.

Ninaomba jambo moja: kila mtoto anayezaliwa na dalili za sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa mwili na akili, apimwe moyo kwa ultrasaundi kabla ya kuruhusiwa, au ikishindikana, ndani ya wiki zake za kwanza.

Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo. Inayojulikana zaidi kwao ni tundu la katikati, pale kuta za vyumba vinne zilipopaswa kukutana. Damu huvuka kutoka kushoto kwenda kulia na kuyaelemea mapafu. Siku za mwanzo daktari anaweza kusikiliza kifua asisikie chochote kibaya, ndiyo maana kusikiliza peke yake hakutoshi. Tundu hilo kwa kawaida hurekebishwa mtoto akiwa na miezi mitatu hadi sita. Akicheleweshwa, mishipa ya mapafu hukakamaa, shinikizo hupanda, hadi inafika siku ambayo kuliziba ni hatari kuliko kuliacha. Mwanangu aliwahi. Mama tuliyelazwa naye wodi moja aliambiwa muda umepita. Mtoto wake alikuwa na tundu lile lile.

Naomba pia wahudumu wafundishwe kueleza chanzo. Tangu 1959, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin walipochapisha ugunduzi wao, inajulikana kwamba watoto hawa wana kromosomu ya 21 iliyozidi; kromosomu ni nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli. Kwa takriban asilimia 95 yao, kromosomu mbili za 21 zilishindwa kuachana seli ilipogawanyika, mara nyingi kwenye yai la mama. Si laana, wala si kitu alichokula au alichokosea. Umri unaongeza uwezekano, ni kweli: takriban mtoto 1 kati ya 1,250 kwa mama wa miaka 25, na 1 kati ya 100 kwa wa miaka 40. Lakini wengi wa watoto hawa huzaliwa na mama vijana, kwa kuwa vijana ndio wanaozaa zaidi. Wachache, asilimia 3 au 4, kipande cha kromosomu hiyo kimejipachika kwenye nyingine, na hapo baba au mama anaweza kuwa amekibeba bila kujua. Familia hiyo inahitaji kipimo cha kromosomu na mtu wa kukaa nayo chini. Wengi wetu tunaambiwa tu kwamba mtoto ana mtindio wa ubongo, hali nyingine kabisa.

Kuna maneno mawili yanayoniumiza kuliko yote: “Ndivyo walivyo.” Tezi ya thiroidi, iliyo shingoni, ikifanya kazi chini ya kiwango, mtoto anasinzia, anapata choo kigumu, hakui, ndivyo walivyo. Masikio yamejaa majimaji, haitiki akiitwa, ndivyo walivyo. Anakoroma na pumzi inakatika usingizini, ndivyo walivyo. Yote haya yanapimika na yana tiba. Katika nchi zinazowapima na kuwapasua mapema, wastani wa maisha yao umepanda kutoka takriban miaka 25 mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi karibu 60.

Mheshimiwa, kadi ya mtoto ina nafasi ya uzito na chanjo. Kwa watoto hawa naomba iongezwe mistari minne: moyo, thiroidi, masikio, macho, kila mmoja na tarehe yake. Mstari wa moyo ukiwa mtupu, mama asiruhusiwe kuondoka bila barua ya rufaa mkononi.

Wako,
Mama wa mtoto mwenye sindromu ya Down