Barua ya wazi kwa Rais Ruto kuhusu hawa mawaziri wetu

Mheshimiwa Rais, habari ya kazi. Najua 2027 inakuita kwa hivyo sitazunguka, shida yangu ni kabineti.

Julai 11, 2024 ulifuta mawaziri wote siku moja, akabaki Mudavadi, mkuu wa mawaziri, na sisi huku mtaani tukashangilia tukijua sauti ya Gen Z, vijana walioandamana, imefika Ikulu. Haikuisha hata wiki mbili walewale wakaanza kurudi, Duale huyo, Soipan Tuya huyo, Murkomen huyo, Alice Wahome naye akarudishwa palepale Ardhi kama mtu aliyeenda lunch. Sasa kama walifaa uliwafuta za nini, na kama hawakufaa wamerudi kufanya nini? Hadi leo hakuna aliyetuambia nani alikosea wapi.

Halafu ukaita ODM, chama cha upinzani wakati huo, chenye ngome Nyanza. Mbadi Hazina, Joho Madini, Oparanya Ushirika, Wandayi Kawi. Sina ubaya na hao watu, Mbadi hata ni mhasibu kabisa, lakini katiba kifungu cha 152 inasema waziri asiwe mbunge na tulipoipitisha 2010 tulitaka watu wa kazi, si mwanasiasa aache kiti leo kesho apeperushe bendera. Waulize watu wa Ugunja kule Nyanza. Ulimchukua Wandayi, mbunge wao, wakabaki bila mtu, na IEBC, tume ya uchaguzi, yenyewe wakati huo haina makamishna, uchaguzi mdogo ukaja kufanywa Novemba 2025, zaidi ya mwaka mzima, na ushuru wanakatwa kama kawaida! Hiyo bei ni nani aliipiga hesabu?

Na tena hiyo katiba inasema mawaziri wasipungue 14 wasizidi 22. Uhuru 2013 alianza na 18 na serikali ikatembea. Wewe tangu 2022 umejaza hadi juu kabisa, na bado ukataka CAS, yaani wasaidizi wa mawaziri, 50, ni vile tu korti ilikataa 2023.

Ninachoomba, ukibadilisha tena, kabla jina halijapelekwa bunge kupigwa msasa tuwekee wazi huyo mtu anatakiwa awe amefanya nini baada ya mwaka mmoja, na ukimfuta utuambie ni kwa nini, kwa jina lake, si hii ya kufagia wote ndio nusu warudi kupitia mlango wa nyuma. Na wabunge waache kwa viti vyao, kura za Nyanza zitafute kwa mikutano kama wengine.

Mlipa ushuru, Kitengela