Naomba shule ya udaktari wa meno nikiwa na meno ya kahawia. Nishaurini

Mhariri na wasomaji wenzangu,

Shikamooni wakubwa. Wa rika langu, habari za siku nyingi. Nimesoma sana barua za wengine humu bila kuandika yangu. Safari hii nimebanwa, na kila anayenizunguka ana jibu lake na hataki kusikia la mwenzake. Nimeona nilete shauri kwenu, hasa mliosomea fani za afya, iwe huku Marekani au nyumbani.

Mimi ni binti wa miaka 24, mzaliwa wa Maji ya Chai, Arumeru, mkoani Arusha. Mama alishinda ile bahati nasibu ya viza, tukahamia Columbus, Ohio, mara tu nilipomaliza kidato cha nne. Sasa niko mwaka wa mwisho wa shahada ya baiolojia na najiandaa kuomba shule ya udaktari wa meno. Maombi hufunguliwa Mei, na kuanzia mwanzoni mwa Juni unaweza kuyatuma. Nitaliweka swali langu wazi mapema: niyatengeneze meno yangu kabla ya kukaa mbele ya wasaili, au niende nayo yalivyo? Kuna na mengine yanayofungamana na hilo, nitayaeleza, lakini hili ndilo linaloninyima usingizi.

Aliyekulia ukanda ule anajua ninachosema. Meno yangu ya mbele yana michirizi ya kahawia, na mawili yamechimbika usoni. Hayaumi na hayajaoza. Ni madini ya floraidi. Miamba ya volkano ya Mlima Meru huyaachia kwenye chemchemi na mito. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na baadhi ya vyanzo vya upande wetu vimepimwa vikakutwa na zaidi ya 10. Halafu tunatia magadi kwenye makande na maharage, nayo yana floraidi yake. Meno ya kudumu hujijenga ndani ya taya tangu utotoni hadi kama miaka minane. Mtoto akinywa maji yale katika kipindi hicho, jino linachomoza likiwa limeathirika tayari, doa la kahawia hufuata baadaye, na hakuna mswaki wala dawa ya meno itakayolitoa. Mtu mzima akihamia pale meno yake hayabadiliki. Ndiyo maana ukifika Dar es Salaam ukacheka tu, mtu anakwambia, "Wewe wa Arusha." Nimesoma na wasichana waliozoea kucheka wameziba mdomo kwa kiganja. Na wapo walioumia kuliko sisi, floraidi ikaingia hadi kwenye mifupa, miguu ikapinda wakiwa bado watoto.

Nilipofika huku nikajifunza darasani kwamba miji mingi hutia floraidi kwenye maji ya bomba kwa makusudi, miligramu 0.7 kwa lita, ili meno ya watu yasioze. Kitu kilekile! Kikiwa kidogo kinakinga, kikizidi kinaharibu, na tofauti yake ni suala la kipimo na la nani amejali kupima. Siku ile ndipo nilipojua nataka kusomea nini. Nilianza kusoma kila nilichopata kuhusu kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kazi ambayo imefanyiwa utafiti palepale Ngurdoto, jirani na kwetu, na mimi nilikulia hapo bila kujua.

Sasa niwaeleze nimesimama wapi, ili ushauri wenu uwe wa mtu anayejua hali.

Miaka ya mwanzo nilisoma chuo cha jamii huku nikibeba boksi usiku, ghala la nje ya mji, kwa sababu mama aliugua mgongo na kodi haisubiri. Kemia nilizosoma kipindi kile ziliniachia alama za C. Nilipohamia chuo kikuu na mama akapata nafuu, nikapunguza zamu, alama zikapanda, na mwaka huu nina A katika biokemia na fiziolojia. Lakini mfumo wa pamoja wa maombi, ule wa AADSAS, huhesabu kila kozi uliyowahi kusoma, hata ukiirudia ile alama ya zamani inabaki kwenye hesabu. Kwa hiyo GPA yangu ya jumla, yaani wastani wa alama zangu, ni 3.3 kati ya 4, na ya sayansi iko chini kidogo ya hapo, wakati wastani wa wanaoingia unazunguka 3.6. Karibu nusu ya waombaji wa kila mwaka hubaki nje. Mshauri wa chuo anasema mwendo wa kupanda unaonekana na una uzito wake. Namwamini, ila naye hajawahi kukaa kwenye kamati ya shule ya meno.

Mtihani wa kuombea shule za meno, unaoitwa DAT, nitaufanya Aprili. Baiolojia na kemia sina wasiwasi nazo sana. Sehemu ya kupima jicho ndiyo ngeni: kupanga pembe kwa ukubwa, kuhesabu michemraba, karatasi iliyokunjwa ikatobolewa nawe useme matundu yatakaa wapi ikikunjuliwa. Ukitaka kurudia lazima zipite siku 60, na shule zinayaona matokeo yako ya mwanzo. Yaani nikiteleza Aprili, maombi yangu yanasogea hadi katikati ya kiangazi, na shule nyingi hupitia maombi kadiri yanavyoingia, wa mwanzo anasomwa viti vikiwa bado vingi. Je, mliopita njia hii, mlituma Juni hata kama alama hazijakaa sawa, au mlisubiri mwaka mwingine?

Kuna swali dogo ambalo huenda likawashangaza. Wasaili huuliza una kazi gani ya mikono, kwa sababu daktari wa meno anafanya kazi ndani ya nafasi finyu. Wenzangu darasani wanataja piano, uchoraji, kufinyanga. Mimi nasuka. Nimesuka tangu utotoni na huku ndiyo iliyolipia vitabu vyangu: twende kilioni, rasta nyembamba, mistari inayonyooka kutoka paji la uso hadi kisogoni, mteja amekaa saa sita nami nimesimama. Rafiki yangu anasema nisiitaje, itaonekana kazi ya mtaani. Mimi naona ni ushahidi bora kuliko piano ambayo mtu aliicheza akiwa na miaka kumi. Mnasemaje?

Upande wa fedha nitapita haraka kwa sababu wengi mnaujua. Wahitimu wengi wa meno nchini humu hutoka na deni linalokaribia dola 300,000. Kuanzia Julai 2026 mikopo ya serikali kuu kwa wanaosomea fani kama hii ina kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla, na ule mkopo uliokuwa unaziba pengo umefungwa kwa wakopaji wapya. Shule nyingi za binafsi zinavuka kikomo hicho. Kwa hiyo nitaegemea za umma, kwanza ya hapa Ohio ambako mimi ni mkaazi. Maombi yenyewe ni zaidi ya dola 250 kwa shule ya kwanza na zaidi ya 100 kwa kila inayofuata, na DAT ni zaidi ya 500. Nimeomba msaada wa ada kwa wenye kipato kidogo. Mjomba wangu aliyeko Moshi ananipigia simu kila mara: "Rudi usome Muhimbili, miaka mitano unatoka daktari, deni la nini?" Simdharau hata kidogo. Lakini nikihitimu nyumbani kisha nikataka kufanya kazi huku karibu na mama, nitatakiwa kwa kawaida kuingia tena shule ya huku kwa miaka miwili au zaidi, na nafasi hizo zinagombewa vilevile. Nikiwa na uwezo wa kuchagua, nataka niwe daktari anayeweza kufanya kazi pande zote mbili.

Mama yeye angependa unesi. Marafiki zake wote kanisani mabinti zao ni manesi, wanalipwa, wamenunua nyumba. Hilo tumelizungumza na amekubali, kwa shingo upande. Ambalo hajakubali ni insha.

Insha ya maombi ina nafasi ya herufi 4,500 tu, na nafasi kati ya maneno zinahesabiwa humo humo. Unaeleza kwa nini meno na si kitu kingine. Niliandika juu ya Maji ya Chai: maji, wenzangu wanaoziba mdomo, mkaa wa mifupa. Nilimsomea mama kwa Kiswahili jikoni. Alinyamaza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo unawaandikia wazungu kwamba nilikunywesha sumu." Nilimweleza kwamba hakukuwa na maji mengine, kwamba kata nzima ilikunywa yaleyale na bibi aliyakunywa pia. Alisema anajua yote hayo. "Lakini mimi ndiye niliyekuwa nakuchotea." Tangu siku hiyo hajaitaja tena insha, na mimi siwezi kuiandika upya bila kumwona amesimama pale kisimani na ndoo kichwani.

Mshauri wa chuo, kwa upande wake, ameipenda mno, na hilo nalo linanitia shaka. Anataka niongeze mateso: umaskini, aibu, kuchekwa. Anasema kamati inataka kuguswa. Mimi sitaki mtu anihurumie. Nataka aelewe kwamba kuna tatizo la afya ya umma lenye sababu inayojulikana na kinga inayojulikana, na kwamba watoto wa leo kule wanaendelea kuota meno ya namna hii. Nikiondoa maji, insha yangu inakuwa kama ya kila mtu anayependa sayansi na kusaidia watu. Nikiyabakiza, mama anaumia. Yupo aliyewahi kuandika habari za nyumbani kwake kwa wageni namna hii akamlinda mzazi wake? Nimefikiria kumwomba mama mwenyewe aniambie angependa kisa hiki kisimuliwe vipi, ila naogopa ataona namlazimisha.

Na sasa meno.

Daktari ninayekwenda kumtazama akifanya kazi, kwenye kliniki ndogo upande wa mashariki wa mji, ni mzee mwenye subira isiyo ya kawaida. Shule nyingi hupendekeza mwombaji awe na karibu saa 100 za kukaa kliniki hivi, na yeye amenipa nafasi kila Jumamosi, ingawa Jumamosi ndiyo siku ninayosuka na kupata fedha. Ananieleza kila anachofanya. Wapo wagonjwa wa Afrika Mashariki wanaofika pale bila Kiingereza, nami nimekuwa nikitafsiri, na nimeona jinsi bibi mmoja alivyolegea kitini aliposikia "fungua mdomo, mama" kwa lugha anayoielewa. Daktari huyo ameahidi kuniandikia barua ya mapendekezo, na mfumo unaruhusu barua nne tu, kwa hiyo yake ni ya thamani kubwa kwangu.

Mwezi uliopita aliniita pembeni akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba anaweza kuyafunika meno sita ya mbele kwa resini, ule utomvu mgumu wa rangi ya jino, nilipie vifaa tu. Alisema wasaili ni madaktari wa meno, macho yao yatakwenda mdomoni kabla hawajasikia jina langu. Hakunidharau. Alitaka kunisaidia, na ana haki ya kusema kwa sababu anajua anachokisema.

Sehemu yangu moja inataka. Ningedanganya nikisema sijawahi kujitazama kwenye kioo nikiwa na karatasi nyeupe nimeishika mbele ya meno kuona nitakuwaje. Matibabu haya yapo ili watu wayatumie, na siku moja mimi mwenyewe nitayafanya kwa wengine bila kuwauliza kwa nini wanayataka. Lakini sehemu nyingine inasema insha inazungumzia madoa, halafu mwombaji anaingia chumbani na meno meupe pe, je, hawataona nimeficha? Na nikiingia nayo yalivyo, je, hawatasema huyu hata yake hajayashughulikia, atashughulikiaje ya watu? Nimewaza mpaka kichwa kinauma. Tena kuna hili la adabu: ni sawa kupokea matibabu ya karibu bure kutoka kwa mtu atakayeniandikia barua? Nikikataa, nitamkataliaje mzee aliyenitendea wema bila kumvunjia heshima?

Shangazi yangu wa Tengeru, ambaye meno yake ni kama yangu na hajawahi kuziba mdomo maishani mwake, nilipompigia alisema, "Wewe nenda ukaongee. Wakikutazama meno, waeleze yametoka wapi." Mama alikuwa pembeni anasikia. Akaongeza, "Na uwaambie ni maji, siyo uchafu." Ni mara ya kwanza tangu siku ile ya jikoni kusema neno juu ya jambo hili, na sijui kama ilikuwa ruhusa.

Naomba majibu kwa yeyote aliyewahi kukaa upande wowote wa meza ya usaili. Madaktari wa meno mliosoma Muhimbili au Nairobi, nanyi semeni, hasa mnaotibu wagonjwa wenye madoa haya: wanapokuja kwenu huwa wanaomba nini kwanza? Na wenzangu wa Arumeru, Arusha, Moshi, mliotengeneza meno na ambao hamkutengeneza, niambieni mliishije na uamuzi wenu. Daktari anasubiri jibu langu kabla ya mwisho wa Machi ili anipangie siku.

Ni mimi msomaji wenu,
Binti wa Maji ya Chai, Columbus, Ohio