Bastola mbili za gumegume

Lexington, Massachusetts

Swahiba wangu,

Salamu nyingi toka kwenye baridi. Jumamosi nilipanda basi mpaka huku Lexington kuziona zile bastola nilizokutajia kwenye simu. Nilipozitazama nikakumbuka gobore la marehemu babu yako, maana ufundi ni uleule: nyundo imebana kijiwe cha gumegume, inapiga chuma, cheche zinaangukia baruti ya kwenye kisahani, moto unapenya kitundu hadi ndani ya mtutu. Baruti ikilowa, umekwisha.

Ila hizi ni kazi ya John Murdoch wa Doune, Uskoti, na hazina ubao hata kidogo. Chuma kitupu mpaka kwenye kitako, nacho kimekunjwa mfano wa pembe za kondoo dume. Kifyatulio ni kidude cha mviringo kisicho na kinga; ningejipiga mguu siku ya kwanza! Kila moja inatoa risasi moja tu, ndiyo sababu walibeba jozi.

Wanavyosimulia, tarehe 19 Aprili 1775, siku vita vya uhuru wa Marekani vilipoanza, askari wa Uingereza walikuwa wakirudi Boston huku wakimiminiwa risasi njia nzima. Farasi wa ofisa wao, Meja John Pitcairn, akashtuka, akamwangusha, akatimkia kwa wanamgambo wa Kimarekani na bastola zikiwa kwenye tandiko. Zikamfikia Israel Putnam, ofisa wa wanamgambo wa Connecticut, yule anayesifiwa kuwa aliacha plau shambani aliposikia vita vimeanza. Alitembea nazo mpaka kiharusi kilipomtoa vitani mwaka 1779. Pitcairn mwenyewe hakufika mbali: tarehe 17 Juni mwaka uleule wa 1775 alipigwa risasi kwenye mapigano ya Bunker Hill, karibu na Boston, na Putnam alikuwa miongoni mwa makamanda wa upande wa pili.

Sasa sikia kioja. Wapo wanahistoria wanaosema nembo iliyochongwa kwenye bastola si ya ukoo wa Pitcairn, kwa hiyo huenda farasi yule alikuwa wa ofisa mwingine kabisa. Mimi nawaunga mkono. Jina la meja linavuta wageni, lakini aliyezibeba vitani miaka ile ni Putnam, na kwangu ni zake.

Hebu muulize shangazi: gobore la babu lilikuwa na alama yoyote kwenye chuma? Na vile vijiwe alikuwa akivipata wapi?

Nasubiri jibu lako.

Ni mimi, swahiba wako.