Mashine aliiuza Baba

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, basi nakuandikia hapa wazi, na jina lako sitalitaja.

Jumapili mhubiri alisema mara nne kwamba upendo wa Mungu hauna masharti, na mara zote nne tukaitikia amina. Mimi akili ilikwenda kwenye matangazo ya redio, vile mtu anavyokusifia mkopo kwa sauti ya asali, halafu mwishoni anakimbiza maneno: vigezo na masharti kuzingatiwa. Ndivyo nilivyokupenda mimi. Urudi, lakini kwanza ulipe. Urudi, lakini uanzie kwa kupiga magoti mbele ya Mama.

Siku mbili baadaye Mama akanituma kwa mweka hazina wa kikundi cha wavuvi nikapeleke mchango, na daftari la Baba mkononi. Nikalifungua njiani. Ukurasa mzima ni mwandiko wake ule wa kulala upande: mashine 1,500. Mashine 1,500. Mashine 1,500. Nilihesabu mistari 48, wa mwisho ukiwa wa Machi. Nikamuuliza mweka hazina ni mashine gani hiyo. Akanishangaa. "Kwani hujui? Mzee aliiuza mashine ya kikundi alipokuwa na shida. Alisimama mbele yetu akakiri mwenyewe, akaomba alipe kidogo kidogo."

Wewe na mimi twajua nani aliyeifungua mashine ile kwenye boti usiku. (Mweka hazina, ukisoma hapa utajijua. Deni limeisha, usianze mambo.)

Sikurudi nyumbani moja kwa moja. Nilikwenda kukaa karibu na lile kanisa dogo la Wareno la makuti, penye makaburi, nikalia kama mtoto. Mtalii mmoja akaniuliza kama nimefiwa.

Nilikuwa nikidhani kupenda bila masharti ni kusema si kitu, yaishe. Sasa hebu mtazame Baba. Miaka minne alitoka kwa tanga. Wakati wa mvua, maji ya mto Sabaki yakiigeuza bahari yetu rangi ya udongo, samaki wa karibu hawaonekani, na bila mashine yeye hafiki mbali. Alikuwa akirudi na vichache vya kitoweo, na bado mwisho wa mwezi 1,500 inakwenda. Ilikuwa kitu, tena kitu kizito, ila mzigo aliubeba asiyekosa. Paulo anawaandikia Warumi, sura ya 5, kwamba Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi. Miaka yote nimelipita neno hilo "tungali" bila kulitazama. Wewe ulikuwa umezima simu, hujaomba radhi hata kwa ujumbe, na Baba tayari yuko mstari wa 17.

Wala usidhani moyo wake ulikuwa laini. Siku ile alishindwa kula, akatupa kijiko. Lakini katika Baba Yetu twasema "mapenzi yako yatimizwe", na hapo hatuimbi taarab. Mapenzi hapo ni kutaka, ni kukusudia. Baba alitaka uwe mwanawe, na hasira yake ikabaki ikigombana na kusudi hilo hadi ikachoka.

Wakumbuka Zaburi ya 136, Mama akitusomesha kabla ya kulala? Mistari 26, na kila mmoja unaishia "fadhili zake ni za milele". Ulikuwa ukihesabu kwa vidole vya mikono, ukimaliza unaingia vya miguu, na hukuwahi kufika mwisho hujasinzia. Nilipoliona lile daftari nilisikia sauti yako ukihesabu.

Yule mwana mpotevu wa Luka 15 huhubiriwa kila mtu, sina haja ya kukurudishia. Mimi siku hizi namsoma kaka yake aliyekataa kuingia ndani. Anamwambia baba, "huyu mwana wako". Hasemi ndugu yangu. Na baba anamjibu, "huyu ndugu yako". Miaka minne nami nimekuwa nikimwambia Baba "yule mwanao", na Baba akinijibu kila mara, "Mdogo wako hajambo? Umempata?" Nilidhani ni uzee tu. Luka hatuambii kama yule kaka aliingia ngomani. Mimi nimeingia, kwa kuchelewa, na bado nina kinyongo kidogo cha ile miezi niliyolipa dawa za Mama peke yangu. Ukija tutagombana juu ya hilo, ujue mapema.

Lakini hotuba ya kwa Baba usijisumbue kuitunga. Yule kijana alikuja na yake kaikariri, akakusudia kumalizia kwa kuomba afanywe kama mtumishi. Angalia tena: kipande hicho hakukifikia, baba alikuwa ameshaanza kuagiza vazi, pete na viatu.

Boti iko mchangani, Baba anaikalafati. Mikono inamtetemeka siku hizi, pamba inamtoka kwenye mianya, na hataki kijana wa mtu amshikie.

Jana usiku nilituma nauli kwa namba yako ya zamani. Kabla sijathibitisha, jina lako lilitokea kwenye simu, yote matatu, la Baba likiwa mwishoni.

Dadako,
Malindi