Aliyemeza dawa ndiye wa kujibu

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wasomaji wanaosema kwamba mwanariadha akikutwa na dawa iliyokatazwa, afungiwe daktari au kocha aliyempa, yeye aachwe akimbie. Nami nilisema hivyo hivyo siku niliyofungiwa.

Nilikuwa mkimbiaji wa mita 800. Wiki ya mashindano kikohozi kilinibana, na mmoja wa watu wa tiba katika timu yetu akanipa chupa ya dawa ya maji. Sikusoma lebo. Nilimaliza wa tatu, nikaitwa kupimwa. Afisa wa kike alisimama akinitazama nikijaza kikombe, kisha mimi mwenyewe nikaugawa mkojo katika chupa mbili, A na B, nikazifunga. Kwenye fomu wanauliza dawa ulizotumia siku 7 zilizopita. Nikaandika kwa mkono wangu: dawa ya kikohozi. Niliamini ukweli huo ungeniokoa. Kumbe dawa ile ilikuwa na efedrini, kichangamshi cha mwili kilichokatazwa, na mkojo wangu ulipita kiwango kinachoruhusiwa siku ya mashindano, mikrogramu 10 kwa mililita. Matokeo yangu yakafutwa, nikafungiwa miezi 3.

Hasira zangu zote zilimwendea aliyenipa chupa. Zilipoa siku niliposikia kwamba aliyekuwa wa nne amepelekewa medali yangu. Huyo naye alikosa nini? Alikimbia bila efedrini mwilini, mimi nilikimbia nayo. Nia yangu ilikuwa safi, lakini nia yangu haikuyafanya mashindano yale kuwa ya haki kwake. Hapo ndipo nilipoielewa kanuni ambayo wengi wanaiita ya kikatili: mwanariadha huwajibika kwa kilichokutwa mwilini mwake, hata kama hakukusudia.

Wako walioumia kuliko mimi. Andreea Răducan wa Romania alikuwa na miaka 16 aliposhinda dhahabu ya jumla ya jimnastiki katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Daktari wa timu alimpa kidonge cha mafua chenye pseudoefedrini, ndugu wa efedrini. Dhahabu ikachukuliwa, na rufaa yake haikufua dafu. Daktari naye aliadhibiwa, lakini medali haikurudi. Mwaka 2002, Alain Baxter wa Uingereza alipata shaba ya kuteleza kwenye theluji huko Salt Lake City, akaipoteza kwa sababu ya dawa ya kunusa ya kuzibua pua. Nyumbani alikuwa akiitumia bila tatizo. Aliyoinunua Marekani ilikuwa na jina lile lile, ila ndani iliongezwa kitu kingine. Kesi hiyo huniuma kila ninapoikumbuka, maana hata mimi ningeliamini jina.

Wasomaji wenzangu, nakubaliana nanyi nusu ya njia. Anayemchoma sindano mwanariadha au kumuuzia dawa za kusisimua misuli afungiwe, tena muda mrefu kuliko mwanariadha mwenyewe. Kanuni za Shirika la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli Duniani zinaruhusu hilo, na tangu mwaka 2015 zinamkataza mwanariadha kufanya kazi na kocha au daktari aliyefungiwa. Mgonjwa wa kweli anaweza kuomba kibali cha kutumia dawa kwa matibabu. Anayethibitisha kwamba hakuwa na kosa kubwa anaweza kupunguziwa adhabu. Lakini mkiondoa wajibu wa mwanariadha, kila anayejidunga EPO, homoni ya kuongeza chembe nyekundu za damu, atakuwa na daktari wa kumsingizia, na aliyekimbia safi atabaki wa nne daima.

Sasa ninafundisha vijana. Kila Januari mosi orodha mpya ya dawa zilizokatazwa inapoanza kutumika, tunakaa chini tunaisoma pamoja, na kabla ya mashindano kila mmoja hufungua begi lake tukaangalia lebo, hata za virutubisho. Hivi karibuni binti mmoja wa miaka 15 alipewa vidonge vya mafua. Hakuvimeza. Alivirudisha kwa daktari, akamuuliza kama vimo kwenye orodha. Daktari alikunja uso, kisha akaifungua orodha na kuangalia.

Mkimbiaji wa zamani, kocha wa vijana