Barua kwa mwanangu, kuhusu kile nilichokwambia Jumamosi

Mwanangu, mama,

Nimeamua kukuandikia manake kwenye gari nilishindwa, na naandika Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu kikiingiwa hasira kinakimbia chote, kwaio neno likikushinda muulize mama yako.

Ni habari ya Jumamosi. Yule baba wa timu pinzani alivokurushia lile neno la ubaguzi mimi nililisikia, tena vizuri tu, nlikua hatua kumi hivi kutoka kwake na kikombe cha kahawa mkononi, na wewe ukageuka ukaniangalia. Robo ilivoisha ukaja, nikakuinamia nikakwambia nyamaza, cheza mpira, sisi huku wageni. Ukatoa kinga yako ya meno ukaniwekea kiganjani, bado ya moto na mate yake, ukaenda kukaa kwenye gari. Hukulia. Ungelia ingekua afadhali kwangu.

Sasa nataka nikwambie kuhusu Adam Goodes, yule mchezaji wa mpira huu wa Australia unaoucheza wewe. Najua jina unalijua, shuleni wamewagusia, lakini upande wangu mimi hujawahi kuusikia na sio upande wa kujivunia.

Jamaa kazaliwa Wallaroo, Australia Kusini, mwaka 1980. Mama yake ni mtu wa Adnyamathanha na Narungga, wenye nchi hii yani, na ni mmoja wa wale watoto ambao serikali iliwachukua kwa wazazi wao wakalelewa mbali na kwao, ukisikia watu huku wanasema kizazi kilichoibwa ndo hao. Na ujue alivokua mdogo Goodes alikua anacheza mpira wa miguu wetu huu, huu wa yai kaja kuushika walivohamia huku huku Victoria. 1997 kwenye drafti, pale klabu zinapochagua vijana kwa zamu, Swans wa Sydney wakamchukua namba 43, maana yake kuna vijana 42 walionekana bora kuliko yeye, sijui wako wapi sa hivi hao wengi wao. Akavaa jezi 37, akacheza mechi 372, magoli 464, ubingwa mara mbili. Ule wa 2005 Swans walikua hawajaonja toka 1933, enzi hizo bado wako Melbourne wanaitwa South Melbourne, miaka 72 watu wanasubiri wakaja kuwafunga West Coast kwa pointi 4 tu. Ule wa 2012 alikua mmoja wa makapteni, goti likaumia mechi ikiendelea akagoma kutoka, akafunga na goli robo ya mwisho.

Halafu medali ya Brownlow kachukua mbili, 2003 akigawana na wenzie wawili na 2006 peke yake. Hii nataka uishike kwa sababu ina kazi mbele. Brownlow haitolewi na mashabiki wala makocha, wanaopiga kura ni marefa, kila mechi wanatoa kura 3, 2 na 1, na ni ya mchezaji bora na mwenye nidhamu, ukifungiwa mechi msimu huo haupewi hata kura zako ziwe ngapi.

Haya. Tarehe 24 Mei 2013, Ijumaa usiku, uwanja wa MCG hapa Melbourne, Swans na Collingwood, ndo inafunguliwa raundi ya kuwaenzi wachezaji wenye asili ya nchi hii. Ilikua miaka 20 toka Nicky Winmar wa St Kilda anyanyue jezi yake mbele ya mashabiki haohao wa Collingwood akawaonyesha ngozi yake kwa kidole. Goodes kacheza balaa usiku ule. Mechi inaelekea mwisho, yuko karibu na mstari, anasikia sauti jukwaani inamwita nyani. Akasimama. Akageuka, akanyoosha kidole kwa walinzi, huyo hapo. Alivoangalia vizuri akakuta ni mtoto wa kike wa miaka 13.

Umri wako wewe.

Akatoka uwanjani hata filimbi ya mwisho haijalia. Kesho yake mbele ya waandishi akasema wazi kwamba limemuumiza sana, ila yule mtoto asilaumiwe, asaidiwe, na yule mtoto akampigia simu akaomba msamaha, wakamalizana. Wakubwa ndo hawakumaliza. Mkubwa wa Collingwood aliyekwenda kumpa pole usiku uleule, siku chache tu baadae yuko redioni anafanya mzaha wa King Kong kwa jina la Goodes. Mtu mzima kabisa!

2014 wakamchagua Mwaustralia wa Mwaka, akaitumia nafasi iyo kusema juu ya ubaguzi na historia, na hapo zomea zomea ikaanza kupata miguu, kila akigusa mpira, buuu. Mei 2015 kwenye raundi ileile, wanacheza na Carlton pale uwanja wa SCG, Sydney, kafunga goli akacheza ngoma ya vita ya asili, akamalizia kama anarusha mkuki, hana kitu mkononi, hewa tu. Ngoma yenyewe alifundishwa na madogo wa timu ya vijana. Nchi nzima ikachafuka kwa mkuki ambao haupo.

Hapa ndo naingia mimi. Nlikua nna miaka minne tu huku, nafanya shifti ya usiku godauni, ile clip ikarushwa kwenye TV ya chumba cha chai, wenzangu wakaanza, oo huyu anajitafutia, oo kila siku rangi, rangi. Na mimi mama, baba yako, nikasema tena kwa sauti ili wanisikie, kweli bwana, angenyamaza tu angecheza mpira wake. Wakacheka nikacheka nao. Mmoja akanipigapiga mgongoni. Nilifurahi, nikuambie ukweli, nlijiona leo na mimi nimekua mwenzao.

Maneno yaleyale niliyokupa wewe Jumamosi, yani sijabadilisha hata moja.

Ubaya wa kuzomea hauna neno ndani yake. Ukimbana mtu atakwambia mi nazomea mchezaji tu, mbona na wazungu wanazomewa, mi sipendi anavojiangusha kutafuta faulo. Sasa mtu anayewadanganya marefa, marefa haohao wanampaje Brownlow mbili? Hakuna aliyenijibu hilo, japo na mimi nimechelewa kuuliza.

Julai kule Perth zomea zomea ilizidi mpaka akaomba apumzike. Mechi iliyofuata hayupo uwanjani, Sydney watu wakasimama robo ya 3 dakika ya 7 wakapiga makofi, 3 na 7, jezi yake. Akarudi akamalizia msimu, Septemba wakatolewa na North Melbourne, akawaambia wenzie chumbani kwamba basi, imetosha. Hakuna kuaga. Siku ya fainali kuu wastaafu huzungushwa uwanjani kupungiwa, yeye hakwenda.

2019 AFL, ndo wenye ligi, na klabu zote 18 zikaandika kuomba radhi. 2021 wakataka kumuingiza kwenye orodha ya magwiji, akasema asanteni, hapana. Kuna watu walinuna, eti si mmeshaombwa msamaha. Mi nampenda zaidi kwa hilo kuliko kwa magoli yote 464. Sa hivi na O'Loughlin, binamu yake waliocheza wote Swans, wana taasisi yao ya GO inasomesha watoto wa asili ya nchi hii, walianza toka 2009 kabla ya yote haya.

Na kuhusu sisi wageni. Goodes sio mgeni, mama zake wako hapa miaka elfu na elfu, na bado aliambiwa anyamaze. Kwaio ile sababu yangu ilikua ya uongo, ilikua woga tu umevaa koti. Hata yule mchezaji Aliir uliyembandika ukutani, kazaliwa kambi ya Kakuma kule Kenya, Swans wakamchukua 2013, mwaka uleule wa kile kidole.

Nimeiandikia klabu yenu jana usiku, nimeeleza neno lenyewe, robo ya ngapi, na mimi nlikua nimesimama wapi, na kwamba nilinyamaza. Wamesema nije Jumatano saa kumi na mbili jioni. Ukitaka twende wote, hutaki naenda peke yangu. Mazoezi ya kesho pia ni wewe, ukisema hurudi sikuulizi, na kocha nitamjibu mimi.

Kinga yako ya meno nimeiosha, iko kwenye glasi karibu na sinki, mdogo wako usimuache aiguse.

Baba